Ladha ya Neno Adimu

Msomaji, yamkini umepata kumwona mwanafunzi aliyefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta maana ya neno moja tu, akakawia ndani yake nusu saa nzima. Jicho lake liliteleza likaangukia neno jingine asilopata kulisikia, na neno hilo likamtuma kwa la tatu, na la tatu kwa la nne, hata akalisahau lile alilolijia. Mwalimu akimwona humwambia kuwa anapoteza wakati. Mwenzake akimsikia siku ya pili akilitamka neno alilolipata humwita mjivuni. Katika insha hii nakusudia kumtetea mwanafunzi huyo kwanza, kisha kumwonya, na mwisho kumwonyesha kazi ambayo raha yake yaweza kuifanya. Watetezi wa maneno adimu ni wengi, na wapinzani wao ni wengi vile vile. Lakini pande zote mbili aghalabu husahau kuuliza swali moja dogo: neno hili lafanya kazi gani hapa lilipo?

Tuanze na raha yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu tunda asilolionja. Raha ya neno adimu si ya namna moja. Namna ya kwanza ni kupata jina la kitu ulichokuwa ukikijua bila jina. Kila mtu aliyekaa katika nchi yenye kiangazi aijua harufu ipandayo mvua ya kwanza inapopiga vumbi. Mtoto wa Kitui aijua, na mtoto wa Marsabit aijua. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika habari za harufu hiyo katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Walieleza kuwa wakati wa ukavu mawe na udongo hufyonza mafuta yatokayo katika mimea, na unyevu ujapo mafuta hayo hutoka yakaenea hewani. Kisha wakaipa harufu hiyo jina, "petrichor". Waliliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza ni jiwe, na la pili ni jina la umajimaji ambao Wayunani wa kale walisimulia kuwa ulipita katika mishipa ya miungu yao mahali pa damu. Harufu yenyewe haikuongezeka wala haikupungua kwa kupewa jina. Lakini aliyelijua jina hilo, mvua ya mwaka ujao ikinyesha, atasimama kidogo aivute harufu ile kwa makini kuliko alivyoivuta mwaka jana. Hiyo ni faida, tena ni faida isiyomnyang'anya mtu mwingine kitu.

Namna ya pili ni raha ya neno lililoficha hadithi. "Defenestration" maana yake ni kumtupa mtu nje kwa kumpitisha dirishani, nalo latokana na neno la Kilatini la dirisha. Waweza kucheka ukauliza ni nani aliyehitaji neno la tendo kama hilo. Jibu liko Prague, ambako tarehe 23 Mei 1618 wakuu wa Kiprotestanti waliwatupa nje ya dirisha la ngome wawakilishi wawili wa mfalme pamoja na katibu wao. Wote watatu walipona, lakini kuanguka kwao kulifungua mlango wa vita vilivyodumu katika Ulaya kwa miaka thelathini. Au chukua neno "serendipity". Mwingereza Horace Walpole aliliunda katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, kwa kukumbuka ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ambao katika safari zao waligundua, kwa bahati na kwa wepesi wa akili, mambo wasiyokuwa wakiyatafuta. Serendip ndiyo Sarandibu ya Waarabu, kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka, kile kile alichokifikia Sindbad baharia katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Basi msomaji wa pwani yetu adhaniye kuwa neno hilo ni geni kabisa, kumbe amekutana na jirani wa Bahari ya Hindi aliyevaa nguo za Kizungu. Neno hilo lilikaa katika giza muda mrefu, likijulikana na wachache. Leo hata watu wasiomjua Walpole hulitumia.

Namna ya tatu ni raha ya ulimi na sikio. "Floccinaucinihilipilification" lina herufi 29, na maana yake ni tendo la kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. Limeungwa kwa maneno manne ya Kilatini ambayo kila moja lilitumika kusema kuwa jambo si chochote si lolote. Mshairi William Shenstone alilitia katika barua yake mwaka 1741. Hapana mtu alihitajiye neno hilo. Ni mchezo wa watu waliochoshwa na sarufi ya Kilatini shuleni, wakaamua kuicheka. Lakini mchezo una haki yake duniani, na mtoto arukaye kamba haulizwi amefika wapi.

Utetezi wangu umekwisha. Sasa nawageukia maadui wa neno adimu, ambao si wajinga hata kidogo. Kiingereza ni lugha iliyojengwa kwa mawe ya machimbo mengi. Asili yake ni lugha ya Kijerumani ya kale. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walileta Kifaransa chao, na katika karne ya 16 wanazuoni walichota Kilatini na Kiyunani kwa mikono miwili. Ndiyo sababu kitu kimoja cha Kiingereza huwa na jina la jikoni, jina la barazani na jina la madrasani. Wakati huo watu wengine walikasirika. Wakayaita maneno mapya maneno ya pembe ya wino, kwa sababu wino ulitiwa katika pembe, na maneno hayo yalionekana kuzaliwa humo wala si katika vinywa vya watu. Mwaka 1553 Thomas Wilson alitoa kitabu juu ya sanaa ya kusema, na ndani yake akatia barua ya mzaha, iliyojaa maneno mazito, ya mtu aombaye cheo kwa mkubwa. Wasomaji wake walicheka.

Nasi tukiisoma barua hiyo leo twacheka pia, lakini twacheka mahali pengine. Maana miongoni mwa maneno aliyoyadhihaki Wilson yamo "celebrate", "capacity" na "dexterity", ambayo leo mwanafunzi wa Kiingereza huyatumia bila kuona haya. Na yamo "ingent" na "adepted", ambayo yamekufa na kuzikwa. Wilson aliyatia yote katika kapu moja. Hakuweza kujua ni mbegu ipi itakayoota. Hapo pana somo kwa kila mtu awekaye ulinzi mlangoni mwa lugha, iwe ni Kiingereza au Kiswahili: neno halihukumiwi kwa ugeni wake siku ya kuingia, bali kwa kazi litakayoifanya baada ya kupewa kiti. Huenda neno litakalochekwa mwaka huu likawa la kila mtu baada ya miaka mia.

Maneno hayo yalipozidi kuwa mengi, watu wa kawaida waliachwa nyuma, na aliyewakumbuka alikuwa mwalimu. Robert Cawdrey, aliyepata kufundisha shule katika mji wa Oakham, alichapisha mwaka 1604 kitabu cha maneno yapatayo 2,500, yaliyopangwa kwa utaratibu wa alfabeti. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakikuwa na maneno mepesi. Kilikuwa na maneno magumu tu, kila moja likiwa limefasiriwa kwa maneno machache yaliyo wazi, kwa ajili ya wanawake na wengine ambao hawakupata elimu ya Kilatini. Basi kumbuka, msomaji, kuwa kamusi ya kwanza ya lugha hiyo haikutungwa ili wasomi wajipambe, bali ili wale waliofungiwa nje waingie. Nitakurudisha kwenye jambo hili baadaye.

Tumpime sasa mwandishi mkubwa wa wakati huo huo, kwa sababu Shakespeare alizijua pande zote mbili za neno adimu. Katika mchezo wake uitwao Love's Labour's Lost yumo mwalimu wa shule aitwaye Holofernes, ambaye hawezi kukitaja kitu kwa jina moja ikiwa anayajua matano. Humwaga Kilatini penye kustahili na pasipostahili. Sisi walimu hatuna budi kumvumilia, maana tumepata kumwona katika vioo vyetu. Ndani ya mchezo huo huo mtu wa kuchekesha aitwaye Costard, ambaye hana elimu yoyote, hulitamka neno "honorificabilitudinitatibus", lenye herufi 27, akalitumia kama fimbo ya kumpimia mtoto mfupi. Mzaha huo una makali. Neno lile refu, ambalo msomi angalijivunia mwaka mzima, limetoka kinywani mwa mtu mjinga bila taabu. Shakespeare atuambia kuwa kulitamka neno si elimu. Hata Costard aweza.

Lakini fungua Macbeth, mchezo ulioandikwa karibu na mwaka 1606, kitendo cha pili, onyesho la pili. Macbeth amemwua mfalme Duncan, mgeni wake, usiku, katika nyumba yake mwenyewe. Autazama mkono wake wenye damu na kujiuliza kama bahari yote yatosha kuusafisha. Ajijibu kuwa haitoshi, bali mkono huo ndio utakaoigeuza rangi bahari. Ili kuyasema hayo Shakespeare atumia maneno mawili makubwa yaliyofuatana karibu karibu: "multitudinous", lenye maana ya wingi usio na idadi, na "incarnadine", ambalo asili yake ni jina la rangi ya nyama, naye akaligeuza kuwa kitenzi. Mara baada ya hayo, bila kupumua, aeleza jambo lile lile kwa maneno mafupi ya Kiingereza cha wakulima: kile kilichokuwa kijani kimekuwa chekundu.

Hapa ndipo mahali pa kusimama na kutazama jinsi fundi afanyavyo. Maneno yale mawili marefu yanabingirika kinywani kama mawimbi. Ukiyatamka kwa sauti utaisikia bahari yenyewe katika silabi zake. Neno fupi la wekundu hupiga mara moja tu, kama tone lianguavyo. Neno refu limebeba ukubwa wa dhambi. Neno fupi limebeba rangi yake. Ondoa marefu, nawe utabaki na habari ya mkono mchafu. Ondoa mafupi, nawe utabaki na mngurumo ambao nusu ya watu waliosimama mbele ya jukwaa hawakuuelewa. Shakespeare hakumwacha mtu njiani: aliyesoma alipewa chake na asiyesoma alipewa chake, na wote wakaogopa kwa pamoja. Mchezo huo ulitafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, ukaitwa Makbeth. Ukiupata, uweke kando ya ule wa Kiingereza, utafute onyesho hilo, ujiulize mwenyewe ni maneno gani ya lugha yetu yawezayo kuubeba mzigo huo. Zoezi moja la namna hiyo lapita orodha ya maneno mia ya kukariri.

Tumtazame na Samuel Johnson, ambaye kamusi yake kubwa, yenye maneno zaidi ya 42,000, ilitoka mwaka 1755. Hapana mtu aliyeyapenda maneno kuliko yeye. Hata hivyo mapenzi yake yalimpotosha mara kwa mara. Alipofika kwenye neno "network", yaani kazi ya kusukwa kama wavu, alilifasiri kwa maneno "reticulated", "decussated" na "interstices". Mvuvi aliyeshona wavu maisha yake yote angaliusoma ufafanuzi huo asijue kuwa unausema wavu wake. Hii ni kinyume cha kazi ya Cawdrey: jepesi limefafanuliwa kwa gumu, na mlango uliokuwa wazi umefungwa. James Boswell, aliyeandika maisha ya Johnson katika kitabu cha mwaka 1791, atusimulia jambo jingine. Johnson alikuwa akiusema mchezo mmoja wa zamani uitwao The Rehearsal. Alisema kwanza, kwa maneno mafupi ya Kiingereza cha nyumbani, kuwa hauna akili ya kutosha kuuzuia usichache. Kisha akanyamaza kidogo, akalirudia wazo lile lile kwa maneno marefu ya Kilatini, kana kwamba la kwanza lilikuwa limetoka bila kuvaa kanzu. Kila asomaye habari hiyo huona kuwa sentensi ya kwanza ilikuwa bora. Ya kwanza ilikuwa mtu. Ya pili ilikuwa sanamu ya mtu yule yule. Tusimdharau Johnson kwa hayo, kwani alifanya kazi ya watu mia. Lakini tujifunze kuwa ugonjwa huu huwapata hata wakubwa.

Wanafunzi wetu huupata kwa njia nyingine. Mwanafunzi aandika kwa Kiingereza habari za kifo cha bibi yake. Jambo lenyewe ni zito, naye ana huzuni ya kweli. Lakini ameambiwa kuwa insha nzuri ina maneno makubwa, kwa hiyo hasemi kuwa mama yake alilia. Asema kuwa alikuwa "lachrymose". Kamusi yamwunga mkono, maana neno hilo lahusu machozi. Ila kamusi ndogo haikumwambia kuwa Waingereza wakilisikia huhisi dhihaka kidogo, kama sisi tunaposema kuwa mtu ni mlizilizi. Basi mtoto huyu amemcheka mama yake mwenyewe kaburini pa bibi yake, wala hajui. Neno adimu lina harufu yake na tabia yake na watu liliozoea kukaa nao. Anayelichukua kwa urefu wake tu ni kama mtu anunuaye ng'ombe kwa kutazama pembe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: neno liitalo watu waje walitazame, mara nyingi halina jingine la kuwapa.

Haifai pia kudhani kuwa uadimu ni tabia ya neno lenyewe. Neno ni adimu kwa mtu fulani, mahali fulani. Mwambie mtu wa bara habari za foromali na mkuku na demani, naye atadhani kuwa umefungua kamusi ya kale. Lakini nahodha wa Lamu huyasema maneno hayo kabla ya kunywa chai. Asomaye tenzi za kale akikuta "mato" mahali pa macho na "nti" mahali pa nchi hufurahi kama aliyeokota lulu. Lakini watu wa visiwa vya kaskazini hawakupata kuyapoteza. Kiingereza ni hivyo hivyo. Maneno mengi yaitwayo adimu ni maneno ya mabaharia, wachungaji, waashi na matabibu, ambao kwao ni vyombo vya kazi. Kwa hiyo njia njema ya kulijua neno adimu ni kutafuta ni nani aliyekuwa akilihitaji. Neno lililotenganishwa na watu wake ni ganda la kombe: latoa mvumo ukilitega sikioni, lakini mwenyewe hayumo.

Huo ndio uliokuwa msingi wa kazi ya James Murray. Mskoti huyu alizaliwa mwaka 1837, mwana wa mshona nguo, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akajifundisha mwenyewe lugha nyingi, akawa mwalimu katika shule ya Mill Hill. Mwaka 1879 alipewa kazi ya kuhariri kamusi kuu ya Kiingereza, ile iitwayo leo kamusi ya Oxford. Akajenga kibanda cha mabati katika ua wake, na watu wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia wakampelekea vipande vya karatasi. Kila kipande kilikuwa na neno, na pamoja na neno sentensi nzima ambamo mtu fulani, mwaka fulani, alilitumia kweli. Ilidhaniwa kuwa kazi itachukua miaka kumi. Murray alifariki mwaka 1915 kamusi haijaisha, nayo ikakamilika mwaka 1928 katika vitabu kumi vikubwa vyenye maneno zaidi ya 400,000. Hata hivyo haikukosa dosari. Karatasi za neno "bondmaid", yaani kijakazi, zilipotea, na neno hilo likakosekana hadi kilipotolewa kitabu cha nyongeza mwaka 1933. Kana kwamba haikutosha kijakazi kusahauliwa duniani, alisahauliwa na kamusini.

Kinyume chake kilitokea Marekani. Kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934 ilikuwa na neno "dord", ikasema kuwa ni uzito wa kitu kwa kulinganishwa na ukubwa wake. Neno hilo halikupata kuwako. Karatasi moja iliandikwa ili kuonyesha kuwa herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho. Mtu akazisoma herufi hizo na neno "or" lililokuwa katikati yake kuwa neno moja. Miaka ikapita kabla ya mhariri kugundua mwaka 1939 kuwa neno hilo halina asili wala mzazi. Lau wewe ungalilitia "dord" katika insha yako wakati huo, kamusi ingalikutetea, nawe ungalikuwa umesema neno la mzuka. Ndiyo maana nasema: usiliamini neno mpaka umeliona likifanya kazi katika sentensi ya mtu aliyelihitaji.

Sasa nairudia ahadi niliyoiweka nilipomtaja Cawdrey. Je, haya yote yamhusu nini mwanafunzi wa Kenya? Yamhusu sana, kwa sababu katika nchi hii maneno magumu ya Kiingereza yamepata kuamua nani alale wapi. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, nao wakaahidiwa kuwa zitakuwa zao muda wote wa kuwako kwao. Kwa mapatano mengine ya mwaka 1911 wale wa Laikipia wakaambiwa wahamie kusini. Ole Njogo na wenzake wakaishtaki serikali. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ya ulinzi wa Waingereza iliamua kuwa mapatano yale si mkataba wa kawaida kati ya watu, bali ni "treaty", yaani mapatano kati ya dola na dola. Kwamba kuyafanya na kuyatimiza ni "Act of State", tendo la dola. Na kwamba mahakama haina "cognizance" nalo, yaani haina mamlaka ya kulisikiliza. Wamasai walipewa udola wa kutosha kutia alama katika karatasi, lakini si wa kutosha kusikilizwa. Rufani yao ikashindwa mwaka huo huo.

Sisemi kuwa wangalishinda lau wangaliyajua maneno hayo. Serikali ilikuwa na askari, na askari hawasomi kamusi. Lakini nasema kuwa mlango ulifungwa kwa maneno, na mtu asiyelijua jina la komeo hawezi hata kuomba lifunguliwe. Hali hiyo haijaondoka yote. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini sheria zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hati za mashamba vile vile. Mzazi wako akitaka kununua kipande cha ardhi, katika daftari la msajili pana mahali pa "encumbrances". Neno hilo halisemwi sokoni. Maana yake ni mizigo iliyofungwa juu ya ardhi, kama vile rehani ya benki. Asiyelijua aweza kutoa akiba ya miaka 20 akanunua shamba lenye deni la mtu mwingine. Alijuaye atauliza swali moja kabla ya kutia sahihi. Hapo neno adimu si pambo tena, ni ngao. Na yule mtoto aliyecheza na "petrichor" na "serendipity" kwa kuyapenda tu, ndiye ambaye hatatishika akikutana na "encumbrance". Amezoea kuliendea neno geni, kulivua nguo, kuiuliza asili yake, na kurudi na habari. Raha ilimfundisha ujasiri ambao amri haikuweza kumfundisha.

Kwa hiyo nakupa mizani ndogo, msomaji, uichukue uendako. Ukipata neno adimu, furahi, liandike katika daftari lako pamoja na sentensi uliyolikutia. Kabla ya kulitumia jiulize kama waweza kulieleza kwa Kiswahili chepesi mbele ya mtu ambaye hakwenda shule. Kama huwezi, hujalijua bado. Jiulize kama liko neno la kila siku lifanyalo kazi ile ile bila kupunguza kitu. Kama liko, litumie hilo. Jiulize kama msomaji wako atasimama njiani. Kama atasimama, fanya kama Shakespeare, uweke jepesi kando ya gumu. Na ukikuta neno gumu mikononi mwa mtu mwingine, limewekwa pale ili usielewe, usilipite kwa kuona haya. Simama, uliza maana yake, na usitie sahihi hata uambiwe.

Akiba haiozi, walisema wazee. Maneno uliyoyaweka yatangoja siku yake, na siku hiyo ikifika utalitoa moja tu, lile linalotakiwa, na kuyaacha mengine yalale.